Anajikata mikono, anavuta gundi, na usiku analala barazani kwangu

Mama, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina duka dogo la kushonea Ngamiani, hapa Tanga mjini. Nyumba ni ya zile za zamani, mbele ina baraza ya saruji na kipaa cha bati. Nikishafunga saa mbili usiku baraza inapata wenyeji wengine. Hulala vijana watatu, siku nyingine wanne. Mchana wanabeba mizigo sokoni Mgandini, wanaokota chupa na vyuma chakavu, wengine wanashuka Deep Sea kupara samaki. Sikuwafukuza kwa sababu hawajawahi kuniibia hata uzi, na asubuhi nakuta wameshafagia.

Ninayekuandikia habari zake ni mmoja wao. Nitamwita Saidi, ingawa si jina lake. Anasema ana miaka 17, lakini mwili ni wa mtoto wa miaka 14. Alikuja mjini kutoka upande wa Korogwe, kwenye kambi ya mkonge. Mama yake yupo, ameolewa tena. Habari za baba wa kambo hataki kuzisikia, ukizigusa tu anainuka na kuondoka.

Huyu kijana halali kama wenzake. Wenzake wakishajikunja ndiyo basi mpaka asubuhi. Yeye anakaa, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wangu, kandambili amezifunga kwenye kifundo cha mkono kwa kipande cha kitambaa alichookota kwangu, macho yako barabarani. Kuna usiku nilirudi saa saba kufuata gauni la harusi la mteja, nikamkuta vilevile. Usingizi wake unaanza alfajiri, watu wakianza kupita kwenda msikitini. Anasema saa hiyo hakuna wa kumfanya kitu.

Gundi ya viatu alikuwa anavuta tangu namfahamu, anaiweka kwenye chupa ya maji ndani ya shati. Sasa tangu mfungo uishe nasikia wenzake wakubwa wamemwonjesha na unga, heroini. Halafu kuna wanaume watu wazima wanaokuja kumchukua usiku, mmoja ana gari. Akirudi ana pesa, hasemi na mtu, anakwenda moja kwa moja kwenye bomba la jirani kuoga, hata iwe usiku wa manane.

Mikono yake ina mistari, mingine ya zamani, mingine mibichi. Mimi nilidhani ni ugomvi wa mtaani. Nilipomuuliza akanijibu, "Fundi, nikijikata kichwa kinanyamaza." Sikujua nimjibu nini, nikamnunulia chai. Siku hizi pia anacheka peke yake na kujibu maneno ambayo sisi hatuyasikii.

Si mtoto mbaya, mama. Juzi amempa yule mdogo wao, mtoto wa miaka kama 11, jaketi lake ambalo alikuwa halivui mchana wala usiku, akamwambia limfae. Na mimi amenirudishia sindano na uzi niliomwazima tangu mwezi uliopita, maana huwa anawatilia viraka wenzake, na mkono wake ni mzuri kabisa, wa mtu wa kufundishika.

Nimejaribu. Nilimpa shilingi elfu tano arudi kwao, kesho yake nikaambiwa zimeishia kwenye kete za unga. Nilimgombeza mbele ya watu, akapotea siku mbili. Mama mkwe wangu anasema ni jini, anyweshwe kombe. Mke wangu anamhurumia lakini hataki alale ndani, tuna binti wa darasa la saba. Majirani wamechoka, wengine wanataka polisi waje kuwazoa, na mmoja ameshaanza kumwaga oili chafu ya magari kwenye baraza yake ili pasilalike. Jumapili kuna kikao kwa mwenyekiti wa mtaa na mimi nitaulizwa.

Nimpeleke wapi? Polisi, kwa mganga, nimpandishe basi pale Kange arudi kwao, au nimchukue nyumbani nipambane na mke wangu?

Fundi, Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako na nimesimama pale kwenye jaketi. Wewe umeliandika kuonyesha kwamba ana moyo mzuri, na kweli anao. Lakini kijana asiyelala, anayejikata, ambaye kichwa chake hakinyamazi, akianza kugawa kitu pekee kinachomkinga na mbu na upepo wa usiku, tena akarudisha na vitu vya watu alivyoazima, huyo huenda anaaga. Mengine yote niliyokuandikia hapa chini yanaweza kusubiri kesho. Hili fanya leo, kabla hujafunga duka.

Mwite pembeni, umuulize kwa maneno yenyewe: "Saidi, umefikiria kujiua?" Usizungukezunguke kwa kumuuliza kama amechoka au ana mawazo. Watu wengi wanaogopa kulitamka neno hilo wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na tafiti zimeshaonyesha kwamba si hivyo, kuulizwa wazi humpunguzia mzigo aliyekuwa ameubeba peke yake. Akisema ndiyo, muulize amepanga kufanya nini na lini. Akiwa na jibu la hayo mawili, usimwache peke yake hata kidogo. Chukua bajaji usiku huohuo mwende hospitali ya Bombo, mwambie muuguzi wa mapokezi ya dharura maneno aliyokuambia yeye, yaleyale. Wembe na mikasi ya dukani viweke mahali asipovifikia.

Na tafadhali, usianze na "ni dhambi". Hilo analijua tangu madrasa. Akilisikia kwako kabla ya kitu kingine ataona umeshafunga mlango. Sema tu, "Nimefurahi umeniambia. Tunakwenda wote."

Akisema hapana, mshukuru, na umuulize tena baada ya siku chache. Jibu la siku moja halitoshi.

Sasa tuje kwenye haya mengine yanayokutisha, gundi, unga, wembe, wanaume wa usiku. Mtaani yanaitwa uhuni, na yeye ataitwa teja au chokoraa, basi. Mimi naomba uyatazame ukiwa umekaa pale alipokaa yeye saa saba ya usiku. Gundi inafika kichwani kwa sekunde, inaondoa njaa, inaleta joto, na kwa dakika chache hofu inakwisha. Wembe, amekueleza mwenyewe kazi yake: maumivu ya mkono yanazima kelele za kichwani kwa muda. Ni njia mbaya na inazidi kumuumiza, lakini kwake inafanya kazi usiku ule, ndiyo maana anairudia. Na kule kukesha akiwa ameegemea mlango wako ni akili inayokataa kushusha ulinzi, huenda kwa sababu amewahi kufanyiwa kitu akiwa amelala. Kwa jinsi anavyoinuka ukimtaja baba wa kambo, inawezekana kitu hicho kilianzia nyumbani. Ubongo usiopata usingizi wiki baada ya wiki unaanza kuona na kusikia visivyokuwepo, hasira zinakuwa karibu, na mtu anafanya uamuzi ambao siku nyingine asingeufanya. Ongeza gundi juu ya hayo yote, ndiyo unampata huyo kijana unayemwona.

Ndiyo maana nakuambia usianze na gundi. Ukimnyang'anya leo bila kumpa kingine, umemvua blanketi kwenye baridi, atakwenda kutafuta jingine, na jingine lililo karibu ni unga. Anza na usingizi.

Mkeo yuko sahihi na naomba usipambane naye. Nyumba yenye binti mdogo haimpokei kijana aliye katika hali hii, na si kwa ubaya wake. Tena na wewe mwenyewe, mwanamume mtu mzima kumwingiza kijana ndani usiku, mlango ukifungwa, watu watasema, na maneno hayo yatakuondolea nguvu ya kumsaidia. Lakini una duka ambalo mchana liko wazi na watu wanaingia na kutoka. Mpe mchana. Mtandikie mkeka nyuma ya cherehani, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, mlango wazi, wateja wanaona. Mwambie mjumbe wako na mtendaji wa mtaa kwamba umefanya hivyo na kwa nini. Kwa wiki moja usimwambie habari za gundi wala za kwao. Alale tu. Usishangae siku za kwanza akishtuka kila mkasi ukianguka.

Pesa mkononi acha kumpa. Ongea na mama ntilie wa karibu, umlipe wewe, kijana apate chai na mihogo asubuhi na sahani ya wali au ugali jioni, saa ileile kila siku. Kwa mtu ambaye hajui kesho atakula kwa nani, saa ya kula isiyobadilika inatuliza kuliko unavyofikiri. Na asipotokea siku moja usimgombeze, sahani yake iwepo kesho yake.

Kuna mambo ya usalama ambayo lazima uyajue wewe na wale vijana wenzake. Mtu aliyevuta gundi muda huohuo asikimbizwe wala kushtuliwa ghafla, kwa sababu kemikali zile zinaufanya moyo uwe mwepesi kuvuruga mapigo, na mshtuko au mbio zinaweza kuusimamisha palepale. Waeleze hata hao majirani wanaopenda kuwatimua kwa fimbo. Moto na sigara viwe mbali na ile chupa. Kwa upande wa unga, mkimkuta amelala haamki, anakoroma kwa namna ya ajabu au anavuta pumzi moja moja, midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Msimmwagie maji na kusubiri.

Kama ni unga kweli na ameshaanza kupata alosto, yaani yale maumivu ya kuukosa, tiba ipo hapohapo Tanga. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadoni mwaka 2011, na sasa kliniki ya namna hiyo iko hata Bombo. Ni dawa ya kunywa, kila siku, mbele ya muuguzi, bila malipo, inazuia alosto ili mtu asiamke akitafuta kete. Saidi ni mdogo na ameanza juzi, kwa hiyo wataalamu ndio wa kupima kinachomfaa. Wewe kazi yako ni kumfikisha.

Hao wanaume sasa. Hapa nitasema wazi, kwa sababu naona barua yako imepita haraka, kama watu wote wanavyopita haraka. Kijana anayerudi na pesa, asiyesema na mtu, anayekimbilia bomba usiku wa manane, huyo hana biashara. Anadhulumiwa. Ana miaka 17, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mtu mzima anayemchukua kwa gari na kumrudisha na noti anatenda kosa la jinai, hata kama kijana alipanda gari kwa miguu yake. Watoto wa kiume nao hutendewa haya, na huku kwetu pwani ndiyo siri inayofichwa kuliko zote, kwa sababu aibu inamwangukia aliyetendewa na aliyetenda anaendelea kuitikiwa salamu. Usimuulize Saidi maswali ya undani. Mwambie hivi: "Ninajua kuna watu wakubwa wanakuchukua. Kosa ni lao. Siku ukitaka kusema, mimi nipo." Halafu ukae kimya, hata kama hatajibu.

Lakini kuna saa zinazohesabika. Ikiwa jambo hilo limetokea ndani ya saa 72, hospitali wana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinamezwa siku 28, na zikianzwa mapema ndiyo zinafanya kazi vizuri. Zikipita saa hizo hazifai tena. Kupima VVU, Saidi hahitaji ridhaa ya mzazi, sheria ilirekebishwa mwaka 2019 na umri wa kujiamulia ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa upande wa polisi, nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako hutolewa pia PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Usiende naye peke yako, wala usiwaite polisi waje barazani kuwazoa wote. Kijana wa mtaani akifika kituoni bila mtu wa kumsemea, huwekwa ndani kwa uzururaji na aliyemdhulumu analala kwake. Nenda na ofisa ustawi wa jamii. Namba ya gari, kama unaiona, iandike.

Huyo ofisa ustawi ndiye mtu ninayekutaka umfikie wiki hii. Ofisi iko Halmashauri ya Jiji, na ukianzia kwa mtendaji wa kata atakuelekeza. Usiende kama mtu anayeomba hisani. Sheria niliyoitaja inamtaka mwanajamii yeyote anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake, na halmashauri ina wajibu wa kumlinda. Kama ofisi imefungwa au umezungushwa, piga 116, ni simu ya bure ya huduma kwa watoto, wao wanaunganisha na ofisa wa eneo husika. Mwombe ofisa akuandikie barua ya kwenda nayo Bombo kwenye kliniki ya afya ya akili, kwa sababu hata pale hospitali kuna dawati la ustawi linaloshughulikia msamaha wa gharama kwa asiye na uwezo. Bila barua mtazungushwa madirishani, kijana atachoka na kuondoka.

Kabla ya siku ya kliniki, fanya kitu kimoja ambacho fundi anakiweza. Kwenye daftari lako la vipimo fungua ukurasa wa Saidi. Andika kila siku kama amelala mchana, amekula, amevuta, amecheka peke yake. Daktari atataka kujua kama zile sauti zinakuja hata siku ambazo hajavuta kitu. Zikiwa zinafuata gundi, huo ni mwelekeo mmoja. Zikija hata akiwa hajavuta siku kadhaa, inaweza kuwa ni maradhi yanayoanza, na umri ndio huohuo: karibu nusu ya watu wanaopata maradhi ya akili huanza kuyaona kabla ya miaka 18. Yakidakwa mapema yana dawa, na wengi wanarudi kwenye kazi zao. Ikibidi alazwe kwa muda mrefu, mkoa wenu una bahati ya kuwa na Lutindi kule Korogwe, hospitali ya Kilutheri ya afya ya akili ya miaka mingi sana. Lakini hilo ni la daktari kuamua.

Mama mkwe wako mheshimu. Kumsomea dua hakuna ubaya, na kama kombe litampa Saidi kujiona kwamba kuna mzee anamjali, anywe. Mimi masharti yangu ni matatu: asifungwe kamba wala kufungiwa chumbani, asichapwe wala kufukizwa mpaka akose pumzi, na siku ya kliniki isiahirishwe kwa sababu ya mganga.

Basi la kutoka Kange usimpandishe. Najua unaona kwao kuna mama. Lakini mtoto hakimbii nyumbani bila sababu. Kuna uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 24 uliochapishwa mwaka 2016 ukiuliza watoto wa mitaani kwa nini waliondoka kwao. Umaskini ulitajwa na asilimia 39, ugomvi wa kifamilia 32, kuteswa 26. Utundu na tabia mbaya, ambayo ndiyo sababu sisi watu wazima hukimbilia, ulikuwa mwisho kabisa, asilimia 10. Ukimrudisha bila kujua ni ipi kati ya hizo, unaweza kumrudisha mikononi mwa aliyemtoa. Ustawi wana utaratibu wa kwenda kuiangalia familia kwanza, na pengine kuna shangazi au bibi ambaye hakuna aliyemfikiria. Mama yake anaweza kujulishwa kwamba mwanawe yu hai bila baba wa kambo kujua alipo. Hilo muulize Saidi mwenyewe kama anataka.

Sasa wewe unaona huna utaalamu. Nikuambie kilichofanyika Harare, Zimbabwe. Daktari wa akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti yalichapishwa, na waliokaa na mabibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi hawakuwa wanatoa mawaidha. Walimwacha mtu ayataje matatizo yake yote, halafu wakamwomba achague moja tu, lile analoweza kulishika wiki hii, na wakalipanga pamoja. Hao waliolengwa walikuwa watu wenye huzuni na wasiwasi, na Saidi anahitaji daktari pia. Lakini kile cha kuchagua moja unakiweza, mkiwa mnashona. Yeye anaweza kuchagua kandambili mpya. Usimcheke na usimwambie kuna makubwa kuliko hayo. Mpange namna ya kuzipata.

Na ile sindano mrudishie. Mwambie ni yake, unataka akushonee vifungo na pindo, ukimlipa kwa chakula cha jioni na akiba unayomwekea wewe, mkiiandika kwenye lile daftari mbele yake. Sindano haikati mkono kama wembe, na nyembe umeshaziondoa, lakini siku ambayo jibu lake la kujiua ni ndiyo, kazi isimame. Siku nyingine mpe kitu kinachokwisha ndani ya saa moja, akione kimekwisha. Gauni zima bado.

Ataanguka. Utamtandikia mkeka wiki mbili, halafu siku moja utamkuta amelewa gundi barazani, au amepotea tena siku tatu. Akirudi, salamu iwe ileile. Kitu kinachowapoteza vijana hawa mara nyingi ni mtu mzuri aliyewapokea kwa nguvu zote, kisha akachoka na kuwafukuza kwa hasira. Kwa hiyo chukua mzigo unaoweza kuubeba mwaka mzima, mdogo kuliko unaotaka kuubeba leo. Ukiona unashindwa kulala kwa ajili yake, mwambie mkeo, mwambie ofisa ustawi. Usikae nalo kifuani.

Mtoto wa miaka 11 sikumsahau. Ukifika ustawi jina la kwanza litakaloandikwa liwe lake, kabla ya la Saidi, maana yeye hajaanza kupandishwa kwenye magari, na muda wa kumtoa pale uko mfupi. Kwa umri wake kuna njia nyingi zaidi: familia za malezi, makao ya watoto, kurudishwa shule.

Halafu kikao cha Jumapili. Uwe umeshafika ustawi kabla yake, ili uwe na jina la ofisa la kutaja, kwa sababu mtu mwenye jina la ofisa husikilizwa. Usiwaambie habari za wembe wala za wanaume, hizo ni za Saidi. Waambie majirani kwamba vijana wote wa barazani wanaandikishwa, na kwamba oili haimwondoi mtu mtaani, inamhamishia ufukweni au nyuma ya maghala, ambako wenye magari wanamkuta bila shahidi. Waombe mwezi mmoja. Yule mwenye oili mwombe kitu kingine badala yake: kama ana taa ya nje, aiwashe usiku kucha upande wa baraza yako. Luku mchangie.